Somo: Kuwaita nyuki wa mtini waingie mzingani, mti ukiachwa salama

Wafugaji wenzangu wa West Nile, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, nyuki walio ndani ya mkwaju au mshea pale kwenu wasiguswe. Kila mwaka watu hupasua shina kwa shoka, huchoma moto, huondoka na asali iliyochanganyika na majana (watoto wa nyuki) na majivu, na kundi zima hufa. Kundi hilohilo likiachwa hai litagawanyika msimu wa maua, na wanaotoka watatafuta nyumba. Sisi tuwe na nyumba tayari.

1. Jua wakati. Nyuki hugawanyika chakula kinapokuwa kingi. Tazama mishea inapochanua kiangazi, kisha miti inayoipokea mvua zikianza. Ukiona madume, wale wanene wenye macho makubwa, wakitoka kwa wingi mchana, kundi linajiandaa. Malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, seli za malkia wapya zinapoanza kufunikwa. Malkia mpya hutoka siku ya 16 tangu yai litagwe, na mara nyingi makundi mengine madogo hufuata. Kwa hiyo tundika mizinga wiki kadhaa mapema, usingoje kuona bumba, yaani kundi lililohama, linaning'inia.

2. Mzinga. Mtafiti wa Marekani Thomas Seeley aligundua kwamba makundi ya nyuki huko kwao hupendelea nafasi ya lita 40 hivi, yaani jerikeni mbili za lita 20. Nyuki wetu hukubali hata ndogo zaidi. Mlango uwe mwanya wa kimo cha sentimita 1 na urefu wa sentimita 12, upande wa chini. Ukitumia mzinga wa viunzi vya juu, yaani vijiti vya mbao ambavyo nyuki hujenga masega chini yake, kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Huo ndio upana wa sega la nyuki wa Afrika na njia yao ya kupita. Ukizidisha, watajenga masega mshazari na hutaweza kuinua kimoja bila kubomoa kingine.

3. Harufu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mbao mpya inanuka mbao, na nyuki anataka nyumba inayonuka nyuki. Yeyusha nta safi, mimina mstari mwembamba chini ya kila kiunzi, kisha sugua kuta za ndani kwa bonge la nta mpaka mbao ing'ae. Ukiwa na gundi ya nyuki, ile nyeusi inayokwanguliwa kwenye mizinga ya zamani, ipashe moto kidogo uipake mlangoni. Mzinga uliowahi kukaliwa hauna mpinzani. Mchaichai nao unasaidia, kwa sababu harufu yake imo pia katika ile ambayo vibarua huipepea kuita wenzao: ponda majani, sugua mlangoni, rudia yakikauka. Asali na sukari usiweke, utaita siafu na nyuki wezi.

4. Mahali. Juu kuliko kimo cha mtu, mita 4 au 5 ukiwa na ngazi imara, kwenye kivuli, maji yakiwa karibu. Usitundike chini ya mti wenye nyuki. Sogea mita mia kadhaa. Funga kwa waya usiyumbe, na waya upakwe grisi kuzuia sisimizi.

5. Wapelelezi. Kundi halijitupi tu ndani. Mjini Munich, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mtafiti wa nyuki Martin Lindauer aliona nyuki wakicheza ngoma yao ya kuelekezana mahali juu ya bumba wakiwa wamechafuka masizi na vumbi la matofali: walikuwa wametoka kukagua nyumba. Wako nao utawaona. Nyuki wachache huelea mbele ya mlango, huingia, hukaa kitambo, hutoka na kuuzunguka mzinga kila upande, miguu mitupu bila chavua. Siku hizo usikaribie. Ukiona wanaingia na chavua miguuni, wamehamia.

Maswali ya wanachama

*Koboko: Salaam mwalimu. Mzinga wangu ulikaa juu msimu mzima, wapelelezi walikuja wakaondoka.*
Ushushe, ndugu yangu, uufungue. Tafuta utando wa buibui, nondo wa nta, sisimizi, au harufu ya rangi na oili chafu. Safisha, pitisha moto wa nyasi ndani haraka, kisha paka nta upya.

*Yumbe: Walikaa wiki mbili wakahama. Kwa nini?*
Mara nyingi ni jua kali, siafu, au mwenye mzinga kufungua kila siku kutazama. Waache wiki tatu. Ukiwa na mzinga mwingine wenye nguvu, toa kiunzi kimoja chenye majana machanga, bila malkia, uwape siku ya pili jioni. Nyuki hawaachi watoto kirahisi.

*Nebbi: Naomba kuuliza, mwalimu, mimi ni mama mwenye mbuzi na wajukuu. Nitundike karibu na nyumba?*
Hapana mama. Nyuki wetu ni wakali, na mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Weka mbali na nyumba, njia na kisima, nyuma ya kichaka kinachowalazimisha kuruka juu. Kuhamisha ni usiku, mlango ukiwa umezibwa kwa wavu. Ukiwapeleka mita mia mbili tu, wengi watarudi kwenye mti wa zamani. Wapeleke zaidi ya kilomita 3, au utundike tangu mwanzo pale unapotaka wakae.

*Arua: Nyuki hujaa kwenye mashine ya kusaga muhogo. Nikiweka unga mzingani watakuja?*
Watakuja kuchukua unga na kurudi kwao. Chavua ikipungua, vibarua huubeba unga badala yake, lakini hao wanatafuta chakula, hawatafuti nyumba. Unga ule ndani ya mzinga utaota ukungu. Weka nta.