Kuchora Mandhari ya Mtwara kwa Rangi: Kazi ya Uwandani na Kazi ya Chumbani

Kuchora mandhari ni kazi yenye pande mbili, na anayejifunza hufaidika sana akizitofautisha tangu mwanzo. Uwandani, mbele ya ghuba au shamba lenyewe, mchoraji hukusanya ukweli wa rangi na mwanga kwa haraka, kwenye vibao vidogo. Chumbani hupanga, hupunguza, hukuza na kumalizia. Anayechora chumbani tu kwa kutazama picha za simu hupata vivuli vyeusi tii na mbingu nyeupe isiyo na kitu, kwa kuwa kamera haishiki mwanga mkali na kivuli kizito kwa pamoja kama jicho lishikavyo. Anayechora uwandani tu hujaza nyumba michoro yenye uhai ambayo haikupata nafasi ya kufikiriwa. Mkoa wa Mtwara unafaa sana kwa mafunzo haya, maana una mikoko na ghuba ya Mikindani pwani, na una ukingo wa uwanda wa Makonde kule Newala, na maeneo hayo mawili humfundisha mchoraji mambo tofauti kabisa.

Kuhusu vifaa, vichache vinatosha. Rangi za akriliki huchanganywa kwa maji na hukauka upesi. Rangi za mafuta hukupa muda mrefu wa kuchanganya, lakini kibao kibichi ni shida kukisafirisha kwenye bodaboda. Chukua rangi 6: nyeupe ya titani, njano angavu, njano ya udongo, nyekundu ya damu ya mzee, bluu nzito ya altramarini, na kahawia ya udongo iliyoelekea wekundu. Nyeusi haihitajiki, kwa sababu altramarini ikichanganywa na kahawia hiyo hutoa giza lenye uhai zaidi, ambalo unaweza kulivuta kwenye ubaridi au kwenye joto upendavyo. Kama duka la vifaa vya sanaa haliko karibu, rangi huagizwa Dar es Salaam, lakini vibao vinapatikana hapa hapa: fundi seremala atakukatia hadibodi vipande vya sentimita 20 kwa 25, uvipige msasa, kisha uvipake mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani kwa ajili ya mazoezi, au jeso, yaani rangi nyeupe ya msingi ya wachoraji, kwa picha unayotaka idumu. Hadibodi ina heshima yake katika sanaa ya Tanzania, kwani Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vibao vya namna hiyo na rangi za enameli. Ongeza brashi bapa tatu za upana tofauti, kisu cha kuchanganyia rangi, kofia, maji ya kunywa, na kipande cha kadibodi ulichokikata dirisha dogo katikati lenye uwiano uleule wa kibao chako.

Kabla ya kutandaza vifaa, wasalimie waliopo na uombe ruhusa. Penye mashua au mitumbwi, wenyewe wapo, hata kama hawaonekani kwa wakati huo. Shikamoo kwa wazee na maelezo mafupi ya kazi yako hukufungulia mlango ambao hela haiwezi kuufungua. Bandari na maeneo mengine yanayolindwa yasichorwe bila kibali.

Jambo la kwanza la kujifunza uwandani ni mwendo wa jua letu, ambao vitabu vingi vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya haviufahamu. Mji wa Mtwara uko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na tena katika wiki ya tatu ya Oktoba. Siku hizo, saa 6 mchana kivuli cha mnazi hukusanyika chini ya mnazi wenyewe, kuta hukosa upande wa giza, na mandhari yote huonekana bapa. Mwezi Juni, kinyume chake, jua hupita upande wa kaskazini hata adhuhuri, na vivuli vifupi huangukia kusini. Kwa vyovyote vile, saa zenye manufaa zaidi kwa anayejifunza ni kuanzia saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi, na kuanzia saa 10 jioni hadi magharibi, ambapo vivuli ni virefu na kila kitu kinaonyesha umbo lake. Kwa kuwa mwanga huo haukai, mchoro mmoja usizidi dakika 50. Ukizidi hapo utaanza kuchora vivuli vya saa mbili tofauti katika picha moja, na mtazamaji atahisi kuna kosa hata asipojua liko wapi. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, alipochora malundo ya mavuno kati ya mwaka 1890 na 1891, alikuwa na turubai kadhaa za kuchorea kwa wakati mmoja na akizibadilisha kadiri mwanga ulivyobadilika. Nawe ukiwa na vibao viwili, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni, unaweza kurudi mahali palepale siku inayofuata na kuendelea na kila kimoja kwa saa yake.

Ufukweni, pamoja na jua, yapo maji. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na safari hiyo yote huchukua saa 6 na dakika chache. Katikati ya safari maji hukimbia sana, kiasi kwamba mashua uliyoianza ikielea inaweza kuwa imelala ubavu juu ya tope kabla hujamaliza mbingu. Anza basi karibu na wakati ambapo maji yamesimama, yakiwa yamejaa au yamekupwa, kwa kuwa katika kipindi hicho mstari wa ufuko hausogei sana. Siku za bamvua maji hupwa kabisa majira ya saa 4 au saa 5 asubuhi na hujaa jioni. Kwa hiyo anayetaka ghuba iliyojaa chini ya mwanga wa jioni aende mwezi ukiwa mpevu au mchanga kabisa, na anayetaka kupwa kwa jioni asubiri maji mafu, yaani siku za mwezi nusu, akijua kwamba siku hizo bahari hairudi nyuma sana. Wavuvi wa Mikindani wanayajua haya kwa siku na kwa saa, na hakuna mwalimu bora wa jambo hili kuliko wao.

Sasa kazi yenyewe. Tazama kupitia dirisha la kadibodi hadi upate mpangilio wenye maumbo makubwa manne au matano tu: mbingu, ukanda wa mikoko, maji, mchanga, na labda ukuta mmoja wa mawe ya matumbawe. Kisha, kabla ya kugusa rangi, chora kwa penseli picha ndogo isiyozidi kiganja na ugawe kila umbo katika mwanga, wastani au giza. Hapa ndipo penye moyo wa mafunzo yote. Wachoraji huita kiwango hicho cha mwanga au giza toni, na toni zikikaa sawa picha husimama hata kama rangi zenyewe zimekosewa kidogo. Toni zikikosewa, hakuna uzuri wa rangi utakaoiokoa. Finya macho hadi majani na mawimbi yapotee na yabaki mabaka makubwa. Utashangaa kuona kwamba kuta nyeupe za chokaa zilizo kivulini ni nzito kuliko mchanga ulio juani, ingawa akili inasisitiza kwamba ukuta ni mweupe. Liamini jicho lililofinywa.

Baada ya hapo paka kibao kizima njano ya udongo iliyoyeyushwa kwa maji mengi, ili weupe wa kibao usikudanganye, na uanze na maumbo makubwa kwa brashi pana. Weka giza kuu la picha, kisha mwanga mkuu, halafu kila toni nyingine uipime dhidi ya hizo mbili. Maelezo madogo kama kamba, nguzo au matawi yasubiri dakika 10 za mwisho. Kaa kivulini, na kibao nacho kiwe kivulini: picha iliyochorwa ikiwa imepigwa na jua hung'aa mno machoni, mchoraji huipunguza bila kujua, na ikifika ndani ya nyumba huonekana nzito na iliyofifia. Ukitumia mwavuli, usiwe wa rangi kali, kwa sababu rangi yake humwagikia kibaoni.

Chukua kitu kimoja kinachoonekana rahisi, kivuli cha mkorosho juu ya mchanga, ukichunguze kwa karibu. Mkorosho una matawi yanayotambaa hadi karibu kugusa ardhi, kwa hiyo kivuli chake ni kipana na kizito. Anayeanza hukipaka kijivu. Lakini tazama ukingo wake ulio wazi kwa mbingu: umeelekea bluu, kwa kuwa mwanga pekee unaoufikia unatoka angani. Ingia ndani zaidi, chini ya majani, na rangi inapata joto la kikahawia chenye ukijani kidogo, kwa sababu mwanga umepita kwenye majani na kuruka kutoka kwenye mchanga ulio juani. Mchanga wenyewe uliopigwa na jua upate kwa nyeupe, njano ya udongo na tone la damu ya mzee. Kivuli chake upate kwa altramarini na kahawia juu ya njano ileile ya udongo, hatua mbili au tatu chini kwa toni. Mabaka ya mwanga yanayopenya kati ya majani yawe machache na yasiwe na ung'avu wa mchanga wa nje. Majani nayo yaanzwe kwa altramarini na njano ya udongo, na njano angavu iingie tu pale jua linapopiga moja kwa moja. Kijani kinachotoka moja kwa moja kwenye tyubu karibu kamwe hakifanani na kijani cha Mtwara.

Ukimaliza, geuza kibao na uandike nyuma yake tarehe, saa, hali ya upepo na hali ya maji. Mwingereza John Constable, alipochora mawingu miaka ya 1821 na 1822, aliandika nyuma ya michoro yake saa, upepo na hali ya hewa, na kumbukumbu za namna hiyo ndizo zitakazokusaidia chumbani.

Newala hufundisha umbali. Ukisimama ukingoni, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, na kutazama bonde la Ruvuma hadi upande wa Msumbiji, utaona vilima vinavyofuatana. Kila safu iliyo mbali zaidi ni nyepesi, ina ubaridi zaidi, na tofauti kati ya mwanga na giza ndani yake ni ndogo. Changanya rangi ya safu ya karibu kwanza, kisha kwa kila safu inayofuata ongeza nyeupe na altramarini kidogo kwenye mchanganyiko uleule. Wakati wa kiangazi, moshi wa mashamba unapotanda, umbali huelekea kijivu chenye manjano badala ya bluu, kwa hiyo usitumie kanuni bila kutazama.

Chumbani, tatizo la kwanza ni dirisha. Vitabu vya Ulaya hushauri dirisha la kaskazini, kwa sababu huko jua haliingii upande huo. Kwetu mambo hugeuka: kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini, hivyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga uliotulia. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari, hamia dirisha la kaskazini.

Panga michoro yako ya uwandani ukutani na uchague mmoja utakaotawala picha kubwa. Mingine iwe mashahidi wa rangi. Chora michoro midogo ya penseli kadhaa ukihamisha upeo wa bahari juu au chini, ukiondoa mnazi, ukisogeza mashua. Uhuru huu ndio sababu ya kuingia ndani, na usiogope kuutumia. Ukiridhika, gawa mchoro na kibao kikubwa kwa idadi sawa ya miraba, uhamishe maumbo mraba kwa mraba, kisha upake kwa utaratibu uleule wa maumbo makubwa kwanza. Joto la Mtwara hukausha akriliki upesi, kwa hiyo weka rangi juu ya karatasi ya kuokea iliyotandikwa kwenye kitambaa chenye maji ndani ya sahani pana. Kwa rangi za mafuta, tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu, la sivyo la juu litakauka kwanza na kupasuka. Vanishi ya kawaida isubiri angalau miezi 6.

Kila unapoongeza rangi, shika mchoro wa uwandani karibu kabisa na picha kubwa, rangi dhidi ya rangi. Picha kubwa ikitazamwa kwenye kioo hugeuka kulia kushoto, na makosa ya mizani hujitokeza mara moja. Ikiwa swali fulani halijibiwi na michoro uliyonayo, kwa mfano rangi ya maji chini ya mikoko saa 11 jioni, acha sehemu hiyo wazi, angalia mwezi, na urudi Mikindani na kibao kidogo kwa ajili ya hilo peke yake.