Somo: Eneo la DMA lisilopitia kache kwenye chipu ya STM32H743, kwa mistari michache ya Zephyr (mfumo endeshi wa vifaa vidogo)

Wakuu, siku mbili nzima nilihangaika na ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba) iliyokuwa ikinipa vipimo vya zamani. DMA, kitengo kinachohamisha data hadi RAM bila kichakataji, ilikuwa inaandika sawasawa. Tatizo ni kichakataji, Cortex-M7, kilichokuwa kinasoma nakala iliyobaki kwenye kache, kumbukumbu yake ndogo ya haraka. RAM isiyo TCM (TCM ni ile iliyounganishwa moja kwa moja na kichakataji) kati ya 0x20000000 na 0x3FFFFFFF huingia kwenye kache, mpaka MPU, kitengo kinachoweka sheria za kila eneo la kumbukumbu, iambiwe vinginevyo.

Zamani kuiambia ilikuwa kazi. Unafungua jedwali la C la chipu ndani ya Zephyr, unaongeza safu, kisha anwani ileile unaiandika tena kwa ajili ya linka, programu inayopanga vitu kwenye kumbukumbu. Ukirekebisha upande mmoja ukasahau wa pili, umeumia. Siku hizi yote hukaa kwenye mti wa vifaa (devicetree), maelezo ya vifaa vya chipu.

Hatua ya 1. Kwenye faili lako la .overlay, linaloongezea mti huo:

```
#include <zephyr/dt-bindings/memory-attr/memory-attr-arm.h>

&sram2 {
    zephyr,memory-attr = <( DT_MEM_ARM(ATTR_MPU_RAM_NOCACHE) )>;
};
```

SRAM2 ina KB 128 kuanzia 0x30020000, na DMA1 inaifikia. Usiweke bafa (sehemu ya kupokelea vipimo) kwenye DTCM, yaani TCM ya data. DMA1 haina njia ya kufika huko.

Hatua ya 2. Weka bafa humo:

```
int16_t sampuli[1024] __attribute__((section("SRAM2")));
```

Hatua ya 3. Hakikisha saa ya SRAM2 imewashwa katika rejista ya RCC_AHB2ENR kabla ya kuigusa.

Maswali

*Mkuu, mbona bafa langu linaanza na takataka?*
Eneo hilo halijazwi wala kufutwa wakati wa kuwaka. Lisafishe mwenyewe kwa memset kabla ya kuanzisha DMA.

*Nahitaji KB 96 tu, naweza?*
Kwa njia hii ya Zephyr, si kwa eneo moja. MPU ya ARMv7-M (muundo wa Cortex-M7) inataka ukubwa uwe kipeo cha 2, na anwani ya mwanzo igawanyike kwa ukubwa huo. Gawa KB 64 na KB 32, ila kila kipande kinakula nafasi moja ya MPU. H743 inazo 16. Chipu nyingi ndogo zina 8, kwa hiyo hesabu kwanza.

*Na Cortex-M33?*
Hiyo ni ARMv8-M: unataja mwanzo na mwisho kwa hatua za baiti 32, KB 96 zinakubalika. Lakini maeneo yasipandane. Kwenye ARMv7-M yakipandana, lenye namba kubwa hushinda. Kwenye ARMv8-M unapata hitilafu ukigusa sehemu iliyopandana.