Namna ya Kuendesha Kikundi cha Watumiaji wa Kompyuta Mtaani

Kikundi cha namna hii hakihitaji mtaalamu wala maabara. Watu kumi wenye kazi halisi za kufanya, chumba chenye umeme wa uhakika na kompyuta mpakato tatu au nne vinatosha. Mashine zikizidi hapo, kila mtu hujifungia na skrini yake na kuelekezana kunakoma.

Kwa kila kikao chagueni kazi moja tu iliyoletwa na mwanachama. Somo liitwalo "Excel", yaani programu ya majedwali ya hesabu, halina mwanzo wala mwisho, ilhali orodha ya michango ya harusi inavyo vyote viwili: safu A ya majina, B ya simu, C ya ahadi, D ya kilicholipwa na E ya salio. Mara tu mwandikaji atakapoingiza namba inayoanza na 07, atashangaa kuona sifuri imetoweka, kwa kuwa programu imeichukua simu kama hesabu. Simameni hapo mfundishane: safu B yote ichaguliwe na kugeuzwa kuwa ya maandishi kabla namba ya kwanza haijaandikwa, kwani kuigeuza baadaye hakurudishi sifuri zilizokwisha kupotea. Kisha katika E2 (kisanduku cha safu E, mstari wa pili) andikeni =C2-D2 na kuivuta fomula hiyo hadi chini.

Anayejifunza ndiye ashike kipanya, na anayejua aelekeze kwa mdomo tu. Mimi mwenyewe nimeivunja kanuni hii mara nyingi kwa kukosa subira, na kila mara yule niliyemfanyia kazi alirudi juma lililofuata na swali lilelile.

Ili kuokoa bando, mtu mmoja apakue LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi yenye jedwali kama la Excel, kutoka tovuti yake rasmi na kuwagawia wenzake kwa flashi, jambo ambalo leseni yake inaruhusu, kama ilivyo kwa VLC ya kuchezea video na GIMP ya kuhariri picha. Programu zilizovunjwa leseni zisipokelewe kabisa, maana mara nyingi kile kifaili cha kuvunjia leseni ndicho kinachobeba virusi.

Flashi zenyewe zinahitaji uangalifu, hasa zinazotoka kwenye vibanda vya kuchapisha. Mkiona folda zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), msizibofye, wala msiifomati flashi kwa hofu, kwa sababu mara nyingi mafaili yamefichwa tu. Ichunguzeni kwanza kwa antivirusi iliyosasishwa. Ikishasafishwa, fungueni Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na kuandika amri ifuatayo, mkiweka herufi ya flashi yenu mahali pa F:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Amri hiyo haiui virusi bali hufichua kilichofichwa; ndiyo maana hutanguliwa na antivirusi.

Mwisho wa kikao, mmoja aandike hatua zote daftarini kwa Kiswahili, ila majina ya menyu ayaache kama yanavyosomeka kwenye skrini, hata yakiwa ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo msomaji atakayoyatafuta. Kikao kinachofuata kianze kwa kumpa daftari mwanachama ambaye hakuwapo, azifuate hatua hizo bila msaada; ile atakayokwama nayo ndiyo iandikwe upya.