Somo: Piga hesabu ya antibayotiki kwanza, sindano baadaye

Kosa ninalolikuta zizini mara nyingi kuliko yote ni la kumchoma kila ng'ombe mililita 10, awe mtamba au fahali. Dozi hufuata uzito wa mnyama. Ukimpa pungufu, bakteria wanyonge hufa, wagumu hubaki na kuzaana, na safari ijayo dawa ileile haitawagusa.

Hatua ya 1. Pima joto. Ng'ombe mkubwa mwenye afya huwa na nyuzi 38 hadi 39 na ushee. Homa peke yake haitoshi kuamua, kwani virusi navyo huleta homa na antibayotiki haiviwezi. Ugonjwa utajwe na daktari wa mifugo, na dawa aichague yeye.

Hatua ya 2. Tafuta uzito. Kama huna mizani, chukua futi kamba. Zungusha kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Kifua cha sentimita 160 na urefu wa 130 vinakupa kilo 307 hivi. Ni makadirio, lakini yanashinda jicho kwa mbali.

Hatua ya 3. Soma chupa, hasa nguvu ya dawa. Hapa ndipo watu huumia. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ina miligramu 200 katika kila mililita. Ya asilimia 10 ina 100, na chupa zinafanana. Ile ya 20 inayokaa mwilini muda mrefu hutolewa kwa kawaida miligramu 20 kwa kilo. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji miligramu 6,000, yaani mililita 30. Zile 10 za mazoea ni theluthi tu ya dozi!

Hatua ya 4. Choma kwenye msuli wa shingo, na usizidishe mililita 10 mahali pamoja. Kwa hiyo mililita 30 ni matundu matatu yaliyoachana. Sindano ikishaingia, vuta bomba kidogo: ukiona damu, chomoa uhamie pengine. Usipuuze hili. Penisilini ya prokaini ikiingia kwenye mshipa inaweza kumwangusha mnyama papo hapo.

Hatua ya 5. Andika tarehe, dawa, kiasi, na siku ambayo maziwa na nyama vitaruhusiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo daktari. Naweza kumpa penisilini na oksitetrasaiklini pamoja ili apone haraka?

Marahaba. Hapana, ndugu yangu. Penisilini humuua bakteria anapojenga ukuta wake, yaani akiwa anakua. Oksitetrasaiklini humzuia kutengeneza protini, naye husimama kukua. Ya pili inainyang'anya ya kwanza nafasi ya kufanya kazi.

Je, ng'ombe mkubwa nimnyweshe vidonge badala ya sindano?

Usifanye hivyo. Tumbo lake kubwa linaishi kwa vijidudu vinavyomeng'enya majani. Ukiviua ataacha kula na kucheua, na utakuwa umemwongezea ugonjwa.

Nikichemsha maziwa ya ng'ombe aliyechomwa, si dawa inaisha?

Haiishi, mama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini sehemu kubwa ya mabaki ya dawa hubaki palepale. Maziwa hayo ukiyagandisha mtindi yanaweza kugoma kuganda, kwa kuwa dawa imeua bakteria wa mtindi. Na mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika kwa kikombe kimoja. Hesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa kuanzia sindano ya mwisho, si ya kwanza, na maziwa ya siku hizo yamwage.