Jinsi ya kuandaa andiko la ruzuku kwa mradi wa ajira za watu wenye ulemavu

Maandiko mengi ninayoletewa niyapitie kabla hayajatumwa kwa wafadhili yana kasoro moja: hueleza kwa kina jinsi washiriki watakavyofundishwa, kisha yakifika kwenye ajira yenyewe huishia kwenye sentensi moja ya matumaini. Hatua zifuatazo zinakusudia kuondoa kasoro hiyo.

Hatua ya 1: Pitia masharti. Hakikisha taasisi yako ina usajili na hesabu zilizokaguliwa kama mfadhili anavyotaka, na ujue ni gharama zipi asizolipia, kwa kuwa wapo wasiogharimia majengo na wapo wanaoweka ukomo wa gharama za uendeshaji. Sharti la lazima likikushinda, omba kwa ubia na taasisi inayolitimiza.

Hatua ya 2: Taja kikwazo kwa jina. Sentensi isemayo kwamba watu wenye ulemavu hawana ujuzi haimsaidii mtathmini, na mara nyingi si kweli. Ilinganishe na hii: “Wahitimu wasioona waliosomea uhasibu hawafiki kwenye usaili, kwa sababu fomu za maombi zilizoko mtandaoni hazisomeki kwa programu ya kusoma skrini.” Hapo mhusika anaonekana, kizuizi kinaonekana, na mahali pa kuelekeza fedha panajulikana. Unaweza kuegemea ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, ambayo inatambua haki ya kufanya kazi kwa usawa na wengine. Aya moja juu yake inatosha, kwani mfadhili wa eneo hili anaifahamu.

Hatua ya 3: Washirikishe wenyewe tangu mwanzo. Chama cha watu wenye ulemavu kinachoombwa barua ya kuunga mkono siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho hakijashirikishwa. Kiwe mezani wakati shughuli zinapopangwa, na muda wa wawakilishi wake ulipwe kutoka kwenye bajeti kama unavyolipwa wa mtaalamu mwingine yeyote.

Hatua ya 4: Zungumza na waajiri kabla ya kuandika. Barua ya mwajiri isemayo “tunaunga mkono mradi huu” haina uzito. Yenye uzito hutaja nafasi zilizopo, masharti ya malipo na msimamizi atakayempokea mfanyakazi. Mazungumzo hayo ndiyo yatakayokuonyesha mafunzo gani yanahitajika, na pengine utagundua kuwa yanahitajika machache. Chini ya utaratibu wa ajira saidizi, mtu huanza kazi halisi mapema, naye mshauri wa kazi humfuata huko huko kumsaidia yeye na msimamizi wake. Tafiti zilizofanywa kwa watu wenye maradhi makubwa ya akili zimeonyesha kwamba njia hii huwafikisha wengi zaidi kwenye ajira ya kawaida kuliko maandalizi marefu yanayotangulia kazi. Ukiichagua, usikate mshahara wa mshauri pindi mtu anapoajiriwa, maana hapo ndipo kazi yake inapokolea.

Hatua ya 5: Jenga bajeti kutokana na shughuli. Chukua mfano wa warsha ya siku nzima yenye washiriki viziwi. Inahitaji angalau wakalimani wawili wa lugha ya alama wanaopokezana, kwa kuwa mmoja akitafsiri kwa saa nyingi huchoka na usahihi hupungua. Wapewe pia nyaraka mapema ili wajiandae. Kwa hiyo mstari wa bajeti usomeke: wakalimani wawili, mara idadi ya siku, mara malipo ya siku. Fanya vivyo hivyo kwa usafiri wa wasaidizi, machapisho ya nukta nundu na vifaa vya mahali pa kazi. Gharama hizi zikifichwa chini ya “mengineyo”, ndizo za kwanza kufyekwa. Kwa kuwa huwezi kujua mapema mahitaji ya kila mshiriki, tenga fungu la marekebisho stahiki, yaani mabadiliko ya vifaa au utaratibu yanayomwezesha mtu mwenye ulemavu kushiriki au kufanya kazi, na ueleze ulivyolikadiria.

Hatua ya 6: Pima kilicho muhimu. Idadi ya waliohudhuria mafunzo ni kiashiria dhaifu. Hesabu walioajiriwa, waliobaki kazini baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, na kama mshahara wao unalingana na wa wenzao wanaofanya kazi hiyo hiyo. Katika kukusanya takwimu, swali “Je, wewe ni mlemavu?” huwaacha nje wengi wasiojiita hivyo. Maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, jopo la takwimu za ulemavu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa, huuliza badala yake ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Hayabaini vizuri matatizo ya afya ya akili, hivyo mradi unaolenga kundi hilo uongeze maswali mengine. Eleza pia nani ataziona taarifa hizo. Mwajiri hana haki ya kuziona bila ridhaa ya mhusika.

Hatua ya 7: Kagua na utume. Mpe andiko mtu asiyeujua mradi, kisha mwombe akueleze nani ataajiriwa, wapi na kwa msaada gani. Akikwama, rudi hatua ya 4. Linganisha jumla za bajeti na maelezo, tuma kabla ya siku ya mwisho, na ukikataliwa omba maoni ya watathmini kwa maandishi.