Jinsi ya kukagua sahani ya kale ya kampeni ya Uingereza kabla hujatoa hela

Kama uko Uingereza na unapenda kuzunguka magulio ya wikiendi na maduka ya vitu vya kale, kuna siku utakutana na sahani au jagi lenye jina la mtu na maneno "for ever", na muuzaji atakwambia hiyo ni ya uchaguzi wa miaka 250 iliyopita. Inawezekana kabisa. Wenzetu walifanyia kampeni kwenye vyombo kama sisi tunavyogawiwa khanga na tisheti, na hadi sheria ya 1872 inaleta kura ya siri mtu alipiga kura kwa kutaja jina la mgombea mbele ya watu, kwa hiyo kuweka jina hilo kabatini halikuwa jambo la kuficha.

Usianze na bei, anza na uchaguzi wenyewe. Soma jina, mji na mwaka, halafu ingia kwenye simu uangalie kama huyo mtu aligombea kweli pale mwaka ule, maana historia za wabunge wa karne ya 18 zipo intaneti na ni bure. Mfano kuna sahani za Delft, yaani za udongo zilizopakwa nyeupe juu, zimeandikwa "Calvert & Martin For Tukesbury 1754 Sold by Webb". Nicolson Calvert na John Martin walichaguliwa kweli Tewkesbury mwaka huo, tena watu wa pale walishaweka sharti kwamba anayetaka ubunge atoe £1,500 za kutengeneza barabara, na hawa wawili wakakubali! Hiyo Tukesbury isikutie wasiwasi, tahajia za zamani ndivyo zilivyokuwa. Nyingine ni "Nugent Only 1754" ya Bristol. Hapo kumbuka kila mpiga kura alikuwa na kura mbili, so anaombwa ampe Robert Nugent moja na ile ya pili asimpe mtu. Mtu anayefoji leo mara nyingi hajui vitu kama hivi, ndo maana mimi naamini historia kuliko maneno ya muuzaji.

Ukitoka hapo geuza chombo. Delft ya Uingereza ni udongo laini uliopakwa glezi (ule utando unaong'aa kama kioo) nyeupe yenye bati, na glezi hiyo hubanduka kirahisi sana kwenye ukingo, kwa hiyo tafuta palipobanduka uone udongo wa kahawia hafifu chini yake. Ukiona ndani ni nyeupe pee kama kaure, hiyo sio Delft.

Vyombo vya rangi ya krimu vilishika soko kuanzia miaka ya 1760, ni vyepesi mkononi, na glezi ikijikusanya kwenye kitako inaleta unjano au ukijani. Hivi vingi vina picha ya kuchapa, kazi ambayo John Sadler na Guy Green wa Liverpool waliapa mwaka 1756 kwamba waliweza kuchapa vigae zaidi ya 1,200 ndani ya saa sita, yaani fikiria hiyo spidi kwenye msimu wa kampeni. Ukikuta namba 45 kwenye chombo cha enzi hizo mfikirie mwanasiasa John Wilkes, hiyo ni namba ya toleo la gazeti lake la 1763 lililomtia matatani na serikali. Chupa za jin za kahawia zenye sura ya wanasiasa Lord Grey au Brougham ni za vuguvugu la mageuzi ya uchaguzi wa bunge ya 1832, angalia kama zina muhuri wa Doulton & Watts, wafinyanzi wa Lambeth, London.

Ukikuta muhuri "England" kwenye jagi linalodai ni la 1807, liache hapo hapo, neno hilo lilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza 1891.

Beba na tochi ya UV, rangi iliyopakwa juu kufunika ufa inawaka tofauti na glezi ya asili. Bora sahani yenye pengo la wazi kuliko iliyozibwa kimya kimya.

Ukishanunua, ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, usiiloweke wala usiipige jiki, Delft inanyonya maji kupitia nyufa. Na chakula usiweke kabisa, glezi za enzi hizo zina madini ya risasi.