Bunduki ya bolti ya bei rahisi: kabla hujampa fundi hela yako, pita hapa

Mwangaluka wadau. Naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii, maana nimechoka. "Mkuu nina Savage Axis, fundi anaweza kuifanya ipige kama za bei mbaya?" Mwingine ana Norinco JW-15, ile .22 ya Kichina iliyoigwa BRNO, bunduki ya Kicheki. Kazi nyingi hazilipi, zinazolipa ni mbili tatu.

1. Toa risasi, toa bolti (lile komeo la nyuma unalovuta kuingiza risasi), chungulia chemba (pale risasi inapokaa), hakikisha tena kwa kidole.

2. Kaza skrubu za kitako na za darubini. "Mitutu mibovu" mingi niliyoletewa ilikuwa skrubu tu.

3. Jaribu risasi za aina tatu, tano tano, mita 100, mtutu upoe katikati. Matundu yakikaa ndani ya sentimita 5 basi funga begi nenda kawinde, kifua cha swala pala ni kikubwa kuliko hapo.

4. Pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako. Ikikwama, sugua kitako kwa msasa taratibu, sio mtutu. Kitako cha mbao huku ziwani kinavimba masika, kikigusa mtutu shabaha inahama halafu unamlaumu aliyekuuzia.

5. Bedingi, yaani kumwagia gundi ngumu pale chuma kinapokalia kitako kisicheze. Hapa ndo nililia. Nikajifanya mjanja, nikachukua resini ya wale wanaotengeneza boti za faiba, si ipo jirani na bei poa. Kosa la kwanza: resini ile ikikauka inasinyaa, chuma kikabaki kinacheza vilevile, tumia epoksi. Kosa la pili ndo baya: nilipaka polishi ya viatu kwenye chuma ili gundi isishike, ila nikasahau matundu ya skrubu na vipembe vya ndani. Asubuhi bunduki na kitako ni kitu kimoja! Nikaitia kwenye friza ya sangara usiku kucha (bila bolti, na mke wangu hajanisamehe), chuma kikasinyaa, nikagonga na nyundo ya mpira ikaachia, na kipande cha kitako kikaenda nayo. Kwahiyo ziba kila tundu na udongo wa kuchezea watoto, paka polishi mara mbili mpaka kwenye nyuzi za skrubu, na kama kitako ni plastiki toboa vitundu vidogo epoksi ipate pa kushika, bila hivyo inabanduka kama gamba.

6. Triga: fundi mwenye leseni, na ni kubadilisha nzima, sio kusugua vyuma vya ndani. Iliyosuguliwa inaweza kujifyatua ukiangusha bunduki.

7. Mtutu mpya? Hapana. Mimi gharama ikipita theluthi ya bei ya bunduki naacha.

MASWALI

Kijana wa Igoma: mkuu fundi wa geti hapa mtaani anaweza kunikatia mtutu uwe mfupi?

Hapana. Soma Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kabla hujapelekwa kituoni kuisomewa.

Kijana wa Igoma: nimeuliza tu jamani

Na mimi nimejibu tu.

Mama Kayenze: Kaka shikamoo. Nasikia Savage mtutu unabadilishwa bila mashine ya kukereza, ni kweli?

Marahaba dada, swali zuri. Kweli, tangu Model 110 ya 1958 mtutu wao unashikwa na nati kubwa, fundi anaufungua kwa spana. Ugumu uko kwenye kupima nafasi ya risasi ndani ya chemba kwa geji mbili, bolti ifunge kwenye moja igome kwenye nyingine. Nafasi ikizidi, ganda la risasi linaweza kupasuka mbele ya uso wako. Ndo maana nasema bunduki rahisi uza, ongeza hela, nunua CZ ya Kicheki.

Mzee wa Ukerewe: Gharama yote hiyo halafu mnaiacha kwenye begi la kitambaa inaota kutu. Huku kisiwani mimi nafuta na kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila jioni, begi ni la safari tu.

Mzee umenigusa, yangu iko kwenye begi tangu Jumapili. Ngoja nikaitoe.